Umri wa Akili na Kiti cha Daktari wa Meno



Ndugu zetu katika imani, wengi wetu ni kaka na dada wakubwa nyumbani. Mzazi yuko kazini, na mwanafunzi ndiye anayeambiwa: "Mpeleke mdogo wako akatazamwe jino." Mkishuka Sonatubes ameshakuuliza mara kumi kama ataumia. Utamjibu nini? Jibu linategemea umri wa akili yake.

Jean Piaget (1896–1980), mtaalamu wa Uswisi, aligawa ukuaji wa akili ya mtoto katika hatua nne. Miaka yake ni makadirio tu, kwani watoto hutofautiana.

1. Kuzaliwa hadi miaka 2
Mtoto huijua dunia kwa kugusa, kuona na kutia kinywani. Hawezi kusema panapouma, na wakubwa humsemea, wakati mwingine vibaya. Akipata homa au kuhara, wapo wanaodai ana "ibyinyo". Uganda huitwa "ebinyo", Tanzania "meno ya nailoni". Hupelekwa kwa mtu wa mtaani akachimbuliwa ufizi. Kinachotolewa humo ni jino halisi la utotoni ambalo halijachomoza, mara nyingi chonge. Ugonjwa unabaki palepale, na mtoto anaweza kupoteza damu, kupata maambukizi, hata kufa. Mwenye homa apelekwe kituo cha afya. Kwa daktari wa meno, mtoto huyu apakatwe na mzazi. Sauti anayoijua ndiyo inayomtuliza.

2. Miaka 2 hadi 7
Lugha ipo, mantiki bado. Mimina maji kutoka bilauri pana kwenda nyembamba mbele yake, atasema yameongezeka, kwa kuwa yamepanda juu. Huamini anachokiona. Mashine inayonguruma huiona kama kitu hai, na maumivu huyaona kuwa adhabu. Kwa hiyo anayemtisha mtoto kwa kusema, "Ukikorofisha nitakupeleka ung'olewe meno," anamthibitishia hofu hiyo. Mwaka 1959 daktari Addelston alieleza njia inayotumika hadi leo: mweleze, mwoneshe, kisha mfanyie. Kioo kidogo kiguse kwanza ukucha wake, halafu kihesabu meno. Maneno yawe mafupi.

3. Miaka 7 hadi 11
Sasa anajua maji ni yaleyale. Anaweza kufuata sababu na matokeo: vijidudu hula sukari, hutoa asidi, na asidi hutoboa jino. Mwoneshe kwa picha au kwenye kioo. Wanazuoni wetu nao huutazama umri wa miaka saba kuwa karibu na tamyizi, na ndipo mtoto huanza kuamrishwa swala. Mpe basi sehemu ya maamuzi: akubaliane na daktari kwamba akiinua mkono, kazi isimame kidogo. Angalieni pia gego la kwanza la kudumu. Hutoka karibu na miaka 6, nyuma ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka, hivyo wengi hulidhania la utotoni na kuliacha lioze.

4. Miaka 11 na kuendelea
Anaweza kufikiri yajayo, na ana haya. Usimkemee mbele ya watu kwa harufu ya kinywa. Mwache azungumze na daktari mwenyewe.

Turudi kwenye swali la mdogo wako. Jibu rahisi ni "Hutaumia hata kidogo." Lakini sindano ya ganzi ikimgusa, hatakuamini tena, wala hatamwamini daktari. Katika Sunan Abu Daud imepokewa habari ya mama aliyemwita mtoto wake kwa ahadi ya kumpa kitu. Mtume (s.a.w.) alimuuliza alikusudia kumpa nini. Alipojibu kuwa ni tende, akaelezwa kwamba asingempa chochote, angeandikiwa uongo. Ikiwa tende tu ina uzito huo, sindano je?

Mwambie ukweli unaolingana na akili yake: "Utahisi kama umefinywa, kisha ufizi utakufa ganzi. Nitakaa hapa karibu yako." Na usingoje jino liume. Ziara ya kwanza iwe ya kuhesabu meno tu, ili siku ya matibabu kiti kile kisiwe kigeni kwake.

Wabillaahi tawfiiq.