Kovu la Mji wa Mimba na Uzazi Unaofuata

Mwaka 1916 daktari Edwin Cragin wa New York alionya kwamba mwanamke aliyezalishwa kwa upasuaji mara moja atazalishwa hivyo daima. Wakati ule mji wa mimba ulikatwa kwa wima katika sehemu ya juu, yenye misuli minene. Misuli hiyo hujikaza kwa nguvu wakati wa uchungu. Kovu lililopo hapo laweza kupasuka na kuhatarisha maisha ya mama na mtoto.

Siku hizi mkato wa kawaida ni wa kukingama, katika sehemu ya chini iliyo nyembamba na isiyojikaza sana. Kovu la hapo huhimili zaidi. Kati ya wanawake 100 wenye kovu moja la namna hiyo wanaojaribu kuzaa bila upasuaji, 70 hivi hufanikiwa. Kovu hupasuka kwa mmoja hivi katika kila 200. Makovu yakiwa mawili, hatari huongezeka. Lakini kila upasuaji mpya nao huongeza uwezekano wa kondo la nyuma kung'ang'ania kovu na kusababisha kutokwa damu nyingi.

Alama ya ngozini haithibitishi jinsi mji wa mimba ulivyokatwa. Kwa hiyo maandishi ya hospitali yapasa kutunzwa. Mama na daktari huamua mapema, na uzazi huo hufanyika penye chumba cha upasuaji na akiba ya damu.

Swali: Kwa nini mahali pa kovu ni muhimu kuliko urefu wake?