Gazi: Kwenda Kusoma Mikokoni

Mwanafunzi anayekuja Kwale kwa utafiti mara nyingi hufikia Diani, akalala hotelini na kwenda kazini kwa teksi. Mimi namshauri apite. Aende mpaka Gazi, kijiji cha wavuvi kilomita kama 50 kusini mwa Mombasa, ambako Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI) ina kituo, na ambako wanafunzi wa Kenya na wa ng'ambo wamezama matopeni kwa miaka mingi.

Vuka feri ya Likoni. Wa miguu halipi. Ng'ambo panda matatu ya Lunga Lunga, ushuke njia panda ya Gazi, kisha ushike njia ya mkono wa kushoto kuelekea baharini. Kibali cha utafiti cha NACOSTI kiwe tayari mkononi. Ukifika, nenda kwa chifu na wazee wa kijiji ujieleze, hata kama Kiswahili chako ni cha kubabaisha. Vaa nguo za heshima, na Ijumaa usimwite mtu kazini wakati wa swala.

Kazi yenyewe huamuliwa na maji. Uliza wavuvi siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu: maji hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hapo ndipo unapoweza kuingia ndani kabisa ya mikoko. Vaa viatu vya kufunga kamba, maana ndara humezwa na tope. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo ratiba uliyoandika chuoni haitakufaa.

Humo ndani usikimbilie kupima. Tazama kwanza tunda la mkoko: huota lingali mtini, likatoa mche mrefu wa kijani, mnene kama kidole, unaoning'inia ncha chini. Ukidondoka maji yamekupwa, hujichomeka topeni. Yakiwa yamejaa, huelea mpaka upate pa kushika. Mkoko husimama juu ya mizizi kama mtu aliyeinuliwa kwa magongo, ndiyo maana shina hupimwa juu ya mzizi ulio juu kabisa. Wenyeji watakuonyesha pia mchu, mlilana, mkandaa na mkomafi, na matumizi ya kila mmoja. Waandike hao daftarini kama walimu wako, maana ndivyo walivyo. Kisha omba uone tope likichotwa kwa chuma kirefu: sehemu kubwa ya kaboni ya msitu huu imelala humo chini.

Elimu hiyo ya tope ndiyo iliyozaa Mikoko Pamoja, mradi ulioanza 2013 kwa wanakijiji wa Gazi na Makongeni. Wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa, na pesa zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mgeni asiye na utafiti apite kwenye njia ya mbao ya kina mama wa Gazi, ipitayo mikokoni, alipe kiingilio, na akiwaarifu mapema ale samaki na wali wa nazi.

Ukirudi kuelekea Diani simama Kaya Kinondo, mojawapo ya kaya, yaani misitu mitakatifu, za Wamijikenda zilizoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Utafungwa kaniki kiunoni. Usichume hata jani pasipo ruhusa ya wazee, hata kama jani hilo ndilo tasnifu yako.

Jambo moja linaniuma. Mvuvi aliyehojiwa mara nne asione matokeo hata mara moja ana haki ya kumkatalia wa tano. Basi tenga mapema nauli ya kurudi Gazi na matokeo. Andika kurasa mbili kwa Kiswahili chepesi, omba baraza, uwasomee alasiri wavuvi wakiwa wametia nanga, na ukae mpaka wamalize kukuuliza.