Mkutubi Anapostaafu: Upangaji wa Wafanyakazi na Hatima ya Miswada ya Kiswahili katika Maktaba

Utangulizi

Maktaba aghalabu hupimwa kwa wingi wa vitabu vyake na ukubwa wa jengo lake. Ripoti za kila mwaka hutaja rafu mpya, viti vipya na tarakilishi mpya. Ni nadra ripoti hizo kueleza ni nani anayeweza kusoma kilichomo katika masanduku ya nyaraka, ni nani anayefunzwa naye, na ni nani atakayeyafungua masanduku hayo miaka kumi ijayo. Makala haya yanadhamiria kulijadili suala hilo. Hoja yetu ni kwamba mpango wa wafanyakazi wa maktaba hauna budi kuanzia kwenye ujuzi unaohitajika, wala si kwenye idadi ya nafasi za kazi. Na kwamba ujuzi unaochukua miaka kupatikana lazima urithishwe kabla ya mwenye nao kuondoka. Kielelezo chetu ni miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, kwa kuwa ndipo athari za kutopanga zinapodhihirika kwa uwazi zaidi.

Dhana za Upangaji na Uendelezaji

Upangaji wa wafanyakazi ni jitihada ya taasisi kujibu maswali manne. Je, tunatarajiwa kutoa huduma gani katika miaka ijayo? Huduma hizo zinahitaji ujuzi gani? Ni ujuzi gani tulio nao sasa, na unamilikiwa na nani? Pengo lililopo litazibwa vipi, na lini? Uendelezaji wa wafanyakazi nao ni zile njia zote zinazomwezesha mtumishi kuongeza ujuzi wake: masomo rasmi, mafunzo kazini, warsha, na kufanya kazi chini ya mtaalamu mkongwe.

Dhana hizi mbili hazitengani. Taasisi inayopanga bila kuendeleza hubaki na orodha ya nafasi zisizo na watu wa kuzijaza. Taasisi inayoendeleza bila kupanga hupeleka watu katika warsha zozote zinazojitokeza, wakarudi na vyeti ambavyo havina uhusiano na kazi inayowasubiri. S. R. Ranganathan, mwanazuoni wa ukutubi kutoka India, alichapisha sheria zake tano za ukutubi mwaka wa 1931. Katika sheria ya tano anaieleza maktaba kuwa kiumbe kinachokua. Wengi huifasiri sheria hiyo kwa kuangalia vitabu na majengo pekee, ilhali watumishi nao ni sehemu ya kiumbe hicho.

Mafunzo ya Wakutubi: Historia Fupi

Afrika Mashariki haikuanza jana kuwafunza wakutubi. Chuo cha ukutubi cha Afrika Mashariki kilianzishwa Makerere mwaka wa 1963 ili kuhudumia nchi za eneo hili kwa pamoja. Nchini Kenya, sheria ya kuunda Shirika la Huduma za Maktaba ya Taifa ilipitishwa mwaka wa 1965. Chuo Kikuu cha Moi kilianzisha kitivo cha sayansi ya habari mwaka wa 1988, na hivyo shahada ya fani hii ikaanza kupatikana humu nchini.

Huduma zenyewe pia zimebadilika. Mwaka wa 1996 maktaba ya ngamia ilianzishwa katika eneo la kaskazini mashariki ili kuzifikia jamii za wafugaji. Huduma hiyo huhitaji mtumishi anayejua kuchagua vitabu, na vilevile anayezielewa njia za wafugaji, majira yao na lugha yao. Baadaye vyuo vikuu vingi vilianza kutumia programu za kuendeshea maktaba kama vile Koha, iliyobuniwa New Zealand na kuanza kutumika mwaka wa 2000. Kazi ya kadi za katalogi ikapungua, na kazi ya hifadhidata ikachukua nafasi yake. Katiba ya 2010 nayo, katika Jedwali la Nne, iliorodhesha maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Kutokana na hilo, maamuzi mengi kuhusu watumishi wa maktaba za umma hayawezi tena kutegemea ofisi moja jijini Nairobi. Kaunti yenye wakutubi wachache ina wajibu wa kujiuliza atapandaje ngazi mkutubi asiye na ngazi mbele yake.

Udhaifu wa Kuhesabu Vichwa

Tuchukue mfano wa kubuni. Maktaba moja ya chuo kikuu ina watumishi 24. Katika kipindi cha miaka 5, watumishi 9 watafikisha umri wa kustaafu. Msimamizi anayehesabu vichwa ataomba nafasi 9, na akizipata ataamini kwamba pengo limezibwa. Lakini tuseme kwamba kati ya hao 9, watumishi 4 wanatoka katika sehemu ya uorodheshaji iliyo na watumishi 5 pekee. Maktaba kwa jumla itakuwa imepoteza chini ya asilimia 40 ya watumishi wake, ilhali sehemu ya uorodheshaji itakuwa imepoteza asilimia 80. Vijana 9 watakaoajiriwa wataijaza orodha ya mishahara, lakini hawatakuwa wamelijaza pengo.

Mwaka wa 2009 umri wa kustaafu wa watumishi wa umma nchini Kenya uliongezwa kutoka miaka 55 hadi 60. Hatua ya namna hii huipa taasisi muda wa kupumua. Hata hivyo, nyongeza ya miaka huahirisha pengo tu, hailizibi. Muda huo huwa na faida pale tu ambapo mkongwe anakabidhiwa mwanafunzi wa kumrithi.

Miswada ya Kiswahili kama Kielelezo

Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu. Hati hizo, jinsi zilivyotumiwa kwa kawaida na waandishi wa kale, zilikuwa na alama tatu za irabu ilhali Kiswahili kina irabu tano. Alama moja iliwakilisha /i/ na /e/. Nyingine ikawakilisha /u/ na /o/. Sauti /p/ haikuwa na herufi yake katika Kiarabu, na mara nyingi herufi moja ilitumiwa kwa /b/, /p/ na /mb/. Kwa hivyo neno lililoandikwa kwa herufi hiyo mara mbili linaweza kusomwa baba, papa, bamba au pamba. Kinachoamua ni muktadha, vina na mizani, pamoja na ujuzi wa lahaja. Msomaji asiyejua kwamba Kiamu husema nti pale ambapo Kiswahili sanifu husema nchi atakwama katika mstari wa kwanza.

Ujuzi huu haupatikani katika kozi ya kawaida ya ukutubi. Mhitimu wa ukutubi hujua kanuni za uorodheshaji. Mhitimu wa Kiswahili hujua lugha na fasihi. Mwenye elimu ya chuoni huko pwani huzijua hati. Ni nadra mambo hayo matatu kukutana kwa mtu mmoja. Yasipokutana, makosa hujitokeza katika katalogi. Utenzi wa Tambuka, unaohusishwa na mwaka wa 1728, hujulikana pia kama Chuo cha Herkali. Mworodheshaji asiyelijua hilo ataufanya utungo mmoja kuwa tungo mbili zisizohusiana. Al-Inkishafi itawekwa na mmoja chini ya A na mwingine chini ya I. Mwandishi Shaaban Robert ataorodheshwa mahali pamoja kwa jina la kwanza na mahali pengine kwa jina la pili. Mtafiti anayetafuta kwa jina moja atajibiwa kwamba kitabu hakipo, kumbe kipo hatua chache kutoka alipoketi.

Historia ya mashairi ya Muyaka bin Haji yatufunza umuhimu wa kurithishana. Muyaka aliishi Mombasa na kufariki mnamo 1840. Baadaye Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya mashairi hayo na kuyatolea maelezo, akishirikiana na mmishenari W. E. Taylor. Karatasi za Taylor zilihifadhiwa London, na William Hichens akazitumia kuchapisha diwani ya Muyaka mwaka wa 1940. Mwaka wa 1979 Mohamed H. Abdulaziz alichapisha uchunguzi wake kuhusu mshairi huyo. Lau Mwalimu Sikujua asingeandika maelezo, mengi ya mashairi hayo, ambayo yamefungamana na siasa na visa vya Mombasa ya wakati huo, yangebaki kuwa mafumbo yasiyofumbulika. Karatasi peke yake haingetosha. Palihitajika mtu wa kuifasiri na mtu wa kumpokea.

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nayo ina mkusanyo mkubwa wa miswada, ambao katalogi yake ilitayarishwa na J. W. T. Allen na kuchapishwa mwaka wa 1970. Katalogi kama hiyo ni ufunguo. Lakini ufunguo huhitaji mkono, kwani miswada mingine ingali mikononi mwa familia za Lamu, Pate na Mombasa, nayo itahitaji kusomwa na kuorodheshwa upya. Kuipiga picha za kidijitali kutaiokoa dhidi ya mchwa na unyevu. Hakutamwezesha mtu asiyejua hati kuisoma.

Hatua Zinazopendekezwa

Kwanza, kila maktaba ifanye sensa ya ujuzi. Sensa hii isiishie kwenye vyeti. Iulize ni nani anayesoma hati za Kiarabu, ni nani anayejua lahaja za pwani, ni nani anayeweza kutengeneza mfumo wa Koha unapokwama. Ujuzi wowote unaomilikiwa na mtu mmoja pekee uwekewe alama ya hatari.

Pili, mpango uhesabiwe kwa kurudi nyuma. Iwapo mtaalamu atastaafu baada ya miaka 5, na uajiri huchukua mwaka 1 na mafunzo miaka 3, basi uamuzi lazima ufanywe katika mwaka wa kwanza. Akisubiriwa hadi sherehe ya kuagana, mrithi wake atakuwa amekosa mwalimu.

Tatu, urithishaji uwe sehemu ya kazi. Mkongwe apunguziwe majukumu mengine na apewe saa maalum za kufunza. Maelezo yake kuhusu kila mswada yaandikwe na kurekodiwa. Aidha, yule anayerithi apewe cheo kinacholingana na ujuzi wake, la sivyo atahamia kwingine punde tu anapofuzu.

Nne, idara za Kiswahili na maktaba zishirikiane. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kufanya mazoezi ya kazi katika sehemu ya miswada, na mkutubi anaweza kuhudhuria mihadhara ya fasihi ya kale. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ya kumwalika mtaalamu kutoka nje.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba idadi ya watumishi inaweza kubaki ileile huku uwezo wa maktaba ukitoweka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika suala la miswada, hata huo ukuta huenda usijengeke, kwa maana fundi atakuwa hayupo. Suala hili latuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili kwa njia mbili. Tukiwa watafiti, tutazikosa nyaraka ambazo taaluma yetu imejengwa juu yake. Tukiwa wahitimu wanaotafuta kazi, tumezoea kuangalia ualimu, uanahabari na tafsiri, tukasahau kwamba maktaba zinahitaji ujuzi ambao sisi ndio tulio karibu zaidi nao. Yafaa wanachama wa vyama vya Kiswahili vyuoni waanze kujifunza kusoma hati za kale wakati walimu wa kuwafunza wangalipo.