Hasira iliyokumbuka kufunga mlango

*Mimi ni dereva wa daladala hapa Morogoro, nina miaka 34, nina mke na watoto wawili. Wiki mbili zilizopita nilirudi nyumbani nimechoka, hesabu ya tajiri haikutimia, na nilikuwa nimepitia mahali nikanywa bia mbili tatu. Mke wangu akaanza kudai hela ya ada ya mtoto. Nikamwambia kesho. Akapandisha sauti, akasema mimi ni mwanaume gani, kila siku kesho, na majirani wanasikia. Hapo hasira zikanipanda. Nilifunga mlango wa chumbani watoto wasione, nikaongeza sauti ya redio, nikampiga makofi na nikamshika shingoni kidogo ili anyamaze. Na yeye alinikwaruza usoni, alama ninazo hadi leo. Asubuhi akachukua watoto akaenda kwao Kilosa. Si mara ya kwanza kumpiga, ila ni mara ya kwanza yeye kuondoka.*

*Mama, mimi si mtu mbaya, ni shetani alinipitia. Nampenda mke wangu. Nyumba nimejenga mimi kwa jasho langu, kwao hana maisha. Mama yangu, na hata mama yake mzazi, wamemwambia ndoa ni uvumilivu. Jumapili mjomba wangu na wazee wawili wanakwenda Kilosa kukaa kikao. Nataka kila mtu akiri kosa lake, mimi la mkono, yeye la mdomo, kisha arudi tuendelee na maisha. Nimwambie nini ili akubali?*

*Baba wa Wawili, Morogoro*

Mwanangu, umeniandikia mambo ambayo wanaume wengi huyaficha, na kwa hilo nakushukuru. Nami nitakujibu bila kukuficha kitu.

Unasema hasira zilikupanda, shetani akakupitia. Lakini kabla ya hapo umeandika kwamba ulifunga mlango ili watoto wasione, ukaongeza redio ili majirani wasisikie. Mtu aliyepotewa na akili hakumbuki watoto wako chumba gani, wala hajui kitufe cha redio kiko upande upi. Akili yako ilikuwa inafanya kazi vizuri. Ilijua unalokwenda kufanya ni la aibu, ikajua nani asilione na nani asilisikie, ikaandaa mahali, ndipo mkono ukanyanyuka. Hatua zote hizo ulizipita wewe, na katika kila moja ungeweza kurudi nyuma. Naanza hapo kwa sababu mpaka utakapolikubali hilo, hakuna neno nitakalokupa la kumwambia mke wako litakalokuwa la kweli. (Na watoto walisikia. Mlango wa chumbani hauzuii sauti ya mama anayelia, na redio iliyofunguliwa ghafla usiku wanaijua maana yake, kwa kuwa umesema si mara ya kwanza.)

Hebu tuitazame siku yako ya kazi. Dereva wa daladala hutukanwa tangu alfajiri. Abiria anakuita mwizi kwa sababu ya chenji, trafiki anakusimamisha na kukusemesha kama mtoto, tajiri anakupigia simu kukuuliza hesabu kwa maneno ambayo usingependa mwanao ayasikie. Siku ile yote hayo yalikupata, au mengi yake. Hukumkaba trafiki. Hukumpiga tajiri kofi. Ulijizuia saa baada ya saa, kwa sababu unajua ukimgusa trafiki utalala lupango, na ukimgusa tajiri gari utalikabidhi siku hiyohiyo. Kwa hiyo uwezo wa kujizuia unao, na unautumia kila siku ya Mungu. Ulipofika nyumbani ukauacha mlangoni, kwa kuwa ndani kulikuwa na mtu mmoja uliyeamini kwamba kumpiga hakutakugharimu kitu. Imani hiyo ndiyo ugonjwa wako. Umeiishi kwa miaka, maana mara zote zilizotangulia alibaki na kweli hukulipa chochote.

Usinitajie bia. Pombe huongeza hatari ya ugomvi kuwa kipigo, na ningependa uiache kabisa kwa sasa. Lakini uliowaacha pale baa walikunywa kama wewe, wengi wakaenda zao wakalala. Ukiacha pombe ukabaki na ile imani, utampiga ukiwa na akili zako timamu.

Sasa hapa pa shingo. Umeandika "kidogo", na ni neno hilo lililonifanya niache kazi nyingine nikujibu wiki hii. Shingoni hapana kidogo. Mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inapita pale pembeni, na kuibana kwa sekunde chache tu kunatosha kumpotezea mtu fahamu. Koo linaweza kuvimba baadaye, mshipa ukachanika kwa ndani bila alama yoyote kwenye ngozi, na madhara yakajitokeza baada ya saa au hata siku kadhaa. Kuna jambo jingine ambalo wanaochunguza vifo vya wanawake mikononi mwa wenzi wao wameliona waziwazi: mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuja kuuawa na huyohuyo kuliko yule aliyepigwa bila kukabwa. Najua hukukusudia kumuua. Nakwambia ulipokuwa umefika.

Unataka kikao ambacho wewe utakiri la mkono na yeye la mdomo, mizani iwe sawa. Mwanangu, haiwi sawa. Swali lake lilikuwa la ada ya mtoto mliyemzaa pamoja, na alikuwa na haki ya kuliuliza hata kwa sauti ya juu. Tuseme basi maneno yake yalikuwa makali, yakakudhalilisha mbele ya majirani. Hayo ni yake, na siku mkiwa salama nyote wawili anaweza kuulizwa na akajibu. Kosa la maneno lina majibu mengi: ungenyamaza, ungetoka nje, ungemjibu, ungekwenda kwa wazee wiki ile ile kulalamika, ungeweza hata kuamua kwamba ndoa imekushinda. Njia zote hizo zilikuwa wazi kwako. Ukichukua kipigo ukakifanya kuwa jibu la maneno, unamtwisha aliyepigwa nusu ya mzigo wa kofi lako, na kesho atajifunza kunyamaza kuhusu ada, kuhusu chakula, kuhusu kila kitu. Mke asiyethubutu kuuliza anaishi kwa hofu, na nyumba ya hofu haina utulivu hata ikiwa kimya.

Kuhusu mikwaruzo usoni: mtu aliyeshikwa shingo hukwaruza ili apumue. Wapo wanawake wanaowapiga waume zao, nao wanafanya ukatili, na wanaume wanaopigwa wanastahili kusikilizwa bila kuchekwa. Lakini kwa maelezo yako mwenyewe, yako si kesi ya namna hiyo. Usizionyeshe alama hizo kwenye kikao chochote.

Mama zenu wawili wamesema ndoa ni uvumilivu. Siwalaumu sana, walilelewa hivyo. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 hadi 2016, asilimia 58 ya wanawake wa Tanzania walisema kuna angalau sababu moja inayomhalalishia mume kumpiga mke, na kwa wanaume ilikuwa asilimia 40. Sababu zenyewe ni kama kuunguza chakula, kubishana naye, kutoka bila kuaga. Wanawake waliunga mkono jambo hilo kuliko wanaume, na mimi huona hilo ni kipimo cha jinsi tulivyowafundisha mabinti zetu kulibeba. Hivyo mama mkwe wako anapomtaka mwanawe avumilie, usidhani amekupa kibali. Hana cha kukupa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka kwamba hata kama mila inasema vingine, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Sheria hiyo ilikuwapo kabla hujazaliwa. Na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 241, inahesabu shambulio la kudhuru mwili kuwa kosa la jinai, kifungo chake ni hadi miaka 5. Ingekuwa ni abiria uliyemfanyia vile, usingeniuliza neno la kumbembeleza. Ungekuwa unatafuta wakili.

Na nyumba. Umesema umejenga wewe. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za mke za kutunza nyumba na familia ni mchango katika mali ya ndoa. Mke wako alipika, alifua, alilea watoto wawili, nawe ukawahi gari alfajiri ukiwa umeshiba na nguo safi. Acha kusema hana maisha kwao. Ana watoto wake, ana ndugu zake, na wiki mbili hizi amelala bila kusikiliza mlango.

Utafanya nini basi? Kwanza mpigie mjomba leo, umwambie kikao cha Jumapili hakipo, na umpe sababu: "Nilimpiga mke wangu, nikamkaba, na si mara ya kwanza. Sitaki aende mtu kumshinikiza." Utaona aibu kubwa. Itakuwa mara ya kwanza kwako kulisema jambo hili bila kulifungia mlango. Mjomba akianza na habari za mdomo wa mwanamke, mkatishe kwa heshima.

Tuma hela ya ada, ya matumizi ya watoto na ya hospitali, leo hii, bila ujumbe mrefu na bila kuuliza atarudi lini. Kama ni lazima useme neno, liwe fupi: nilikukaba, tafadhali nenda kapimwe, gharama ni zangu. Ukiomba radhi, iombe isiyo na "lakini" wala "ungenielewa". "Nilikupiga. Hukunifanya nikupige. Nilichagua." Kisha nyamaza. Radhi haimpi yeye deni la kurudi, wala la kukujibu. Usiende Kilosa, usimtume mchungaji wala sheikh, usiwape watoto ujumbe kwenye simu. Mwanamke anapokuwa ameondoka ndipo hatari huwa kubwa kuliko wakati mwingine wowote, na mwanaume anayemfuata kila anakokwenda kwa jina la mapenzi anamtisha, hata akibeba zawadi.

Akienda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto pale kituo cha polisi, hiyo ni haki yake. Usimtumie mtu wa kumwambia afute kesi kwa ajili ya watoto. Ukiitwa, nenda, na useme ulichoniandikia mimi, pamoja na habari za mlango na redio.

Kwako mwenyewe, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri, umweleze kwamba unapiga na unataka kuacha. Mtafute pia mwanaume mmoja unayemheshimu ambaye hampigi mkewe, si yule wa kukuchekea kijiweni, umruhusu akuulize kila wiki bila kumkasirikia. Kaa chini uandike ile jioni yote tangu ulipokabidhi gari: ulipopitia kunywa, ulipomkuta yeye amekaa, neno lililokuchoma, ulichokuwa unawaza mkono ulipokuwa kwenye kitasa. Andika na zile za nyuma. Utaona huwa zinafanana, na utaona mahali unapoweza kugeuka ukatoka nje, ukatembea hadi barabarani, hadi mwili upoe. Zoea kutoka mapema, wakati sauti tu ndiyo imepanda.

Na kama wewe, mama wa watoto hawa, umeletewa gazeti hili huko Kilosa: nenda hospitali hata kama shingo haiumi tena, umwambie daktari wazi kwamba ulikabwa. Ukisikia sauti imebadilika, kumeza kuna shida, kichwa kinauma sana, au upande mmoja wa mwili unalegea, usingoje kuche. Kituoni, polisi watakupa fomu ya PF3 ijazwe na mganga; uhifadhi nakala yako. Hakuna kikao kinachoweza kukuzuia kwenda huko kwanza. Ukiamua siku moja kudai talaka, sheria inakutaka upitie baraza la usuluhishi la ndoa, na ukatili wa mwili ni mojawapo ya mambo ambayo mahakama huyatazama kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Ukiamua vingine, ni juu yako pia. Ulichouliza usiku ule kilikuwa ada ya mtoto, na hukukosea kuuliza.

Mwanangu, niandikie tena baada ya miezi mitatu. Nieleze ulichofanya wewe. Kuhusu kama atarudi, hilo ni lake, sitalijibu mimi, na wewe usimuulize.