Hedhi Inapokatika kwa Mwanamke Anayetumia Dawa za Saikosisi

Mwanamke wa miaka 24 anatoka wodini akiwa ametulia: analala, anakula, na sauti alizokuwa akizisikia zimenyamaza. Miezi mitatu baadaye hedhi haionekani, na matiti yanatoa maziwa ilhali hajazaa. Mama mkwe anashuku mimba. Kipimo cha mkojo kinakanusha. Jirani anasema damu isiyotoka hupanda kichwani. Mwezi wa nne vidonge vinatupwa chooni, na mwezi wa sita mgonjwa yumo wodini tena. Njia hii wameipita wengi, na mara nyingi hakuna mhudumu aliyewahi kuwauliza habari za hedhi.

Chanzo kiko kichwani, si katika mji wa mimba. Chini ya ubongo iko tezi ya pituitari, inayotoa prolaktini, homoni inayochochea matiti kutengeneza maziwa. Kwa kawaida kemikali iitwayo dopamini huizuia tezi hiyo, mfano wa breki. Dawa za saikosisi hutuliza ugonjwa kwa kuziba vipokezi vya dopamini, na nyingi haziwezi kuziba vya sehemu moja ya ubongo na kuviacha vya nyingine. Breki inapolegea, prolaktini hupanda, nayo hufifisha ishara zinazoziamuru ovari kupevusha yai. Estrojeni hushuka, utando wa ndani wa mji wa mimba haujengeki, basi hakuna cha kutoka. Damu haijakwama popote. Mgonjwa anastahili kuambiwa hivyo waziwazi, kwa kuwa hofu ya damu iliyojaa mwilini yatosha kumfanya aache dawa.

Dawa zenyewe hazilingani. Haloperidoli, klorpromazini na sindano ya flufenazini hupandisha prolaktini. Risperidoni, ijapokuwa huhesabiwa miongoni mwa dawa mpya, huipandisha sana, pengine kuzidi haloperidoli. Upya wa dawa, kwa jambo hili, si hoja. Olanzapini huipandisha kidogo, kwetiapini na klozapini ni kwa nadra, na aripiprazoli huweza hata kuishusha.

Dawa za kutuliza hisia hupita njia nyingine. Lithiamu huweza kudhoofisha tezi ya thairoidi iliyo shingoni, na hedhi ikawa nzito. Valproeti huhusishwa na vifuko vingi katika ovari na hedhi za kurukaruka; lakini hatari yake kubwa humwangukia mtoto, kwani takriban 1 kati ya watoto 10 walioipata tumboni huzaliwa na kasoro kubwa ya maumbile. Karbamazepini huharakisha kuvunjwa kwa homoni za uzazi wa mpango, hivyo vidonge na vijiti havitegemewi tena. Kitanzi cha shaba hakiathiriki.

Mhudumu aanze na kipimo cha mimba, hata kama mgonjwa anaikana. Kisha aulize tarehe: ikiwa hedhi ilikatika kabla ya dawa kuanza, sababu nyingine itafutwe. Prolaktini ipimwe panapowezekana. Maumivu ya kichwa yasiyokoma, au macho kuacha kuona vizuri pembeni, yahitaji rufaa bila kungoja, maana huenda pana uvimbe katika pituitari. Lisipokuwapo hilo, daktari aweza kupunguza dozi, kubadilisha dawa taratibu, au kuongeza aripiprazoli kiasi kidogo. Mgonjwa asiikatishe mwenyewe. Kwa anayechomwa sindano ya mwezi subira zaidi yahitajika, kwa sababu dawa hubaki mwilini miezi kadhaa baada ya sindano ya mwisho. Kuliacha tu jambo hili nako si busara: estrojeni ikikaa chini kwa muda mrefu, mifupa hupungua uimara.

Yapo makosa ambayo hata wahudumu wazoefu huyafanya. Kukosa hedhi huchukuliwa kuwa kinga ya mimba. Dawa inapobadilishwa, yai hupevuka kabla ya damu ya kwanza kuonekana. Aliyekaa miaka miwili bila hedhi aweza kushika mimba pasipo kuona dalili yoyote kwamba uwezo umerudi. Kwa hiyo mazungumzo ya uzazi wa mpango ni ya siku ile ile dawa inapobadilishwa, si ya kliniki ijayo. Na kwa yule aliyekwisha kuitwa tasa na wakwe zake, siku hiyo hiyo ndiyo ya kumweleza kwamba huenda atazaa.