Kuongoza Kipindi cha Muziki Mchanganyiko Majira ya Masika

Katika mikoa ya Tanzania inayopata mvua misimu miwili kwa mwaka, masika huanza mwezi Machi na kuendelea hadi Mei. Njia za vitongojini hukatika, magulio huahirishwa, na watu wengi hukaa nyumbani saa ambazo kwa kawaida wangekuwa shambani au safarini. Umeme ukikatika, redio ndogo ya betri huendelea kusema. Somo hili linahusu namna ya kuongoza kipindi cha muziki mchanganyiko kwenye redio ya jamii katika miezi hiyo. Limekusudiwa wakazi wa kata wanaofikiria kujitolea studioni, pamoja na wasikilizaji wanaopenda kujua kipindi chao huandaliwaje.

Redio ya jamii haimchagui msikilizaji wake. Kituo cha biashara chaweza kuamua kuwalenga vijana wa mjini pekee, na hakuna atakayekilaumu. Lakini kituo kilichoanzishwa kwa ajili ya watu wote wa eneo moja humtumikia bibi mpenda taarabu, dereva wa bodaboda anayetaka singeli, mwanakwaya, na mzee aliyecheza dansi ujanani. Wakati wa masika jambo hili si la burudani tu. Aliyezima redio kwa kuchoshwa na wimbo hatasikia tangazo la mto kufurika litakalosomwa dakika tano baadaye. Kazi kubwa ya mtangazaji, basi, ni kumfanya msikilizaji auvumilie wimbo asioujua.

Muziki mchanganyiko si muziki uliovurugwa. Mtangazaji mgeni hudhani kwamba akipiga wimbo mmoja wa kila aina ametenda haki kwa wote, kumbe amewakera wote kwa zamu. Kinachotakiwa ni daraja kati ya wimbo na wimbo, na daraja hilo hujengwa kwa kuijua historia ya muziki wenyewe. Chukua mfano wa Morogoro. Tangu miaka ya 1930, santuri za muziki wa Kuba zilizobeba herufi GV ziliuzwa sehemu nyingi za Afrika, na Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, aliipa bendi yake jina la Cuban Marimba. Katika mji huohuo Mbaraka Mwinshehe alijipatia sifa kwa gitaa akiwa na Morogoro Jazz. Mtangazaji akianza na wimbo wa Kuba, akaja kwa Salum Abdallah, kisha Mbaraka, atakuwa amevuka bahari na miongo kadhaa bila msikilizaji kushtuka, kwa kuwa sikio limeongozwa na mdundo unaotambulika. Kutoka hapo kufika kwenye wimbo wa bongo fleva uliojengwa juu ya gitaa ni hatua fupi.

Yako madaraja mengine. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kongo aliyevuma Dar es Salaam na Super Matimila, aliimba dansi kwa miaka mingi, na mwishoni mwa maisha yake akageukia nyimbo za Injili. Sauti yake hiyo moja yaweza kumtoa msikilizaji ukumbini na kumfikisha kwenye kwaya. Singeli nayo, ambayo wazee wengi huilalamikia kwa kasi yake, haikuzuka hewani: watengenezaji wake wa awali walichukua vipande vya ala za taarabu wakaviongezea mwendo. Ukiupiga kwanza wimbo wa taarabu, ukasema sentensi moja juu ya udugu huo, bibi na mjukuu watasikiliza pamoja, japo bibi atanung'unika kidogo. Na taarabu yenyewe ina kina kirefu: Siti binti Saad wa Zanzibar alirekodi santuri zake Bombay mwaka 1928, akiimba kwa Kiswahili.

Maneno ya mtangazaji yawe machache. Jina la mwimbaji, jina la wimbo, mahali ulikotoka na jambo moja la kukumbukwa vyatosha kabisa. Tabia ya kuongea juu ya wimbo hadi mwimbaji aanze, na wakati mwingine hata baada ya kuanza, ni ukosefu wa adabu ambao umezoeleka mno. Salamu za wasikilizaji zipewe nafasi yake maalumu. Tangu enzi za kadi za salamu, kusikia jina la mtu wa kwao redioni kumewafunga wasikilizaji kwenye kipindi kuliko wimbo wowote.

Ngoma za kata zenyewe zisikose. Hizi hazipatikani kwenye intaneti, hivyo hurekodiwa uani, mvua inapopumzika, baada ya kuomba ridhaa ya wachezaji na kuandika majina yao wote, pamoja na mpiga ngoma ambaye kwa kawaida husahaulika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda pia wasanii wa muziki wa asili. Kumbukumbu ya kila wimbo uliopigwa, yenye tarehe na saa, ndiyo inayowezesha kujua nani anastahili malipo.

Kalenda nayo isomwe mapema. Mwaka 2024, kwa mfano, Ramadhani na Pasaka zote ziliangukia ndani ya miezi ya masika. Katika siku kama hizo, saa ya kufuturu si saa ya dansi, na Ijumaa Kuu ina ukimya wake.

Sehemu ngumu zaidi ni tahadhari ya hali ya hewa. Mwaka huohuo wa 2024, mafuriko yalilikumba bonde la Rufiji mwezi Aprili, na mapema Mei kimbunga Hidaya kikakaribia pwani ya Tanzania. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa zake kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Maneno haya hayabadilishani. Mtangazaji anayelisoma angalizo kwa sauti ya kilio huwafanya watu waipuuze tahadhari kubwa itakapokuja, na anayeipunguza tahadhari kubwa ili asiharibu furaha ya kipindi huhatarisha maisha.

Taarifa inapofika, wimbo hukatwa hapohapo, hata kama umebakiza ubeti mmoja. Isisomwe juu ya muziki. Isomwe polepole mara mbili, ikitaja siku, eneo, na hatua inayotakiwa: kuhama bondeni, kutovuka kivuko, kutopeleka mifugo mtoni. Ujumbe uliosambazwa kwa simu na mtu asiyejulikana hausomwi mpaka uthibitishwe na mamlaka husika au Afisa Mtendaji wa Kata. Baada ya kusoma, mtangazaji asirukie wimbo wa kuchezesha. Ala tupu husaidia hapa. Zeze au ilimba ya Hukwe Zawose wa Dodoma humwacha msikilizaji na fikra zake huku akiendelea kusikiliza. Na pakiwa na msiba, nyimbo za mzaha juu ya mvua na mafuriko ziwekwe kando hata kama zimeombwa.

Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo vitongoji vilivyo nyuma ya vilima huenda visipate matangazo. Orodha ya vitongoji hivyo ibandikwe ukutani studioni, ili tahadhari ipelekwe pia kwa simu kwa wenyeviti wake na kwa vipaza sauti vya misikiti na makanisa. Radi ikianza, maelekezo ya fundi wa kituo hufuatwa.

Kipindi kinapokwisha, mtangazaji huandika daftarini nyimbo alizopiga, tahadhari alizosoma na saa alizozisoma, pamoja na majina ya vitongoji vilivyopiga simu kuthibitisha kwamba vimesikia. Vile ambavyo havikupiga ndivyo mtangazaji wa zamu inayofuata huanza navyo.