Kabla hujalipia Benzi ya mtumba

"Benzi haifi." Maneno hayo utayasikia yadini, gereji na kijiweni, na anayeyasema mara nyingi hadanganyi. Anachosahau kukuambia ni Benzi ya mwaka gani. Kampuni hii imewahi kuunda magari sugu kuliko karibu yote yaliyokuwa barabarani, na imewahi pia kuuza magari yaliyoanza kuoza kabla mwenyewe hajamaliza kuyalipia. Yote yana nyota ileile puani. Kwa hiyo kabla ya kuzungumza bei, jua gari lililo mbele yako limetoka katika zama zipi za kampuni, kisha likague kwa ugonjwa wa zama hizo.

Zama za mwanzo tuzipite haraka. Carl Benz aliandikisha hataza ya gari lake la magurudumu matatu mjini Mannheim, Januari 1886. Agosti 1888 mkewe Bertha alilichukua bila kumuaga, akawapakia wanawe wawili, akaenda nalo Pforzheim, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Mafuta yalipopungua aliyanunua kwenye duka la dawa la Wiesloch. Mrija wa mafuta ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia, na breki zilipoanza kulika alimwomba fundi viatu azivishe ngozi. Upande wa pili, kule Cannstatt, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walikuwa wakiunda lao. Jina la Mercedes ni la binti wa Emil Jellinek, mfanyabiashara aliyeyauza na kuyashindanisha magari ya Daimler huko Nice. Makampuni hayo mawili yaliungana mwaka 1926. Ni hadithi tamu, ila ukiwa umesimama mbele ya gari la mwaka 2009 haikupunguzii hata shilingi. Labda ya Bertha tu, maana alirudi salama kwa sababu alilijua gari lake nje ndani.

Sifa yenyewe ilijengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mhandisi Béla Barényi aliandikisha wazo la gari ambalo ncha zake za mbele na nyuma zinabonyea kwenye ajali ili chumba cha abiria kisibonyee. Mwaka 1959 wazo hilo liliingia kwenye gari lenye namba ya bodi W111, na leo karibu kila gari duniani limeliiga. Mwaka huohuo Mercedes 219 ilishinda mbio za Safari hapa kwetu. Ikashinda tena 1960, na 1961 ikashinda 220SE. Wakenya, Waganda na Watanganyika waliliona gari hilo likipigwa na tope kabla hawajaliona limembeba waziri. Mawaziri walikuja baadaye, wakaja na jina la Wabenzi, yaani wenye Benzi. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilipoamua kubana matumizi, iliwanyang'anya wakubwa magari yenye injini kubwa na kuwapa Volkswagen Passat za cc 1800. Kama hazina ya nchi ilishtushwa na gharama, wewe unayelipa kwa mshahara usijione una ubavu zaidi.

Gari lililozaa msemo wa "haifi" hasa ni W123, lililotoka mwaka 1976 na kuundwa takriban milioni 2.7, pamoja na nduguye mkubwa W115 na mrithi wake W124. Kwenye jumba la makumbusho la kampuni mjini Stuttgart kuna 240D ya mwaka 1976 iliyokuwa teksi Ugiriki na kutembea kilomita milioni 4.6. Madalali wanaipenda sana hadithi hiyo, lakini huwa hawaimalizi. Mwenye teksi alikuwa na injini tatu alizozibadilisha kwa zamu, na alizishusha na kuzipandisha mara 11. Gari lilidumu kwa sababu kulikuwa na mtu aliyelihudumia kwa ratiba. Ukikuta W123 au W124 ya dizeli iliyotunzwa hivyo, inunue. Iliyotelekezwa miaka mitano chini ya mwembe ni chuma chakavu, hata ikiwaka kwa funguo ya kwanza.

Halafu ikaja miaka ya 1990. Ushindani ulikuwa mkali, Wajapani walikuwa wameingia na Lexus, na kampuni ikaanza kutazama gharama kuliko ilivyozoea. Dalili ya kwanza ilikuwa nyaya. Magari mengi ya takriban 1992 hadi 1995, W124 za mwisho zikiwemo, yalifungwa wayaringi ya injini yenye ganda lililoumbwa lioze kirahisi likitupwa, kwa ajili ya mazingira. Likaanza kuoza likiwa bado kazini, kwa joto la injini. Ukitazama gari la miaka hiyo, fungua boneti injini ikiwa imepoa, tafuta mahali waya unapotoka kwenye bomba lake la plastiki, ukunje kidogo. Ganda likimeguka kama biskuti kavu, wayaringi nzima inabadilishwa. Muulize muuzaji kama imeshabadilishwa, na kama ndiyo, akuonyeshe risiti.

Oktoba 1997 ikaja aibu ya hadharani. Waandishi wa jarida la Sweden walilijaribu gari jipya la A-Class kwa kukwepa ghafla, kama dereva anayemkwepa mnyama barabarani, likapinduka. Kampuni ilisimamisha mauzo na kuyafunga magari yote hayo mfumo wa kompyuta unaozuia gari kuteleza. Wakati huohuo W210, ile E-Class ya macho ya mviringo, ilikuwa inashika kutu kwenye matao ya tairi, kingo za milango na, mbaya zaidi, kwenye kikalio cha springi za mbele. Kikalio hicho kikioza kinaweza kuachia na gari likakaa chini upande mmoja. W210 inauzwa bei ya kutupa, na kwa mkazi wa Mombasa, Tanga au Unguja, ambako hewa ya chumvi haipumziki, mimi nasema aiache hata ikipakwa rangi vipi.

W211 iliyoifuata ilikuja mwaka 2002 na breki za umeme zinazoitwa SBC, ambazo kanyagio lake linatuma ishara kwa kompyuta nayo pampu ndiyo inayokandamiza. Magari yaliitwa kurudishwa kwa mamia ya maelfu, na mwaka 2006 kampuni ikauondoa mfumo huo kwenye W211. Kwa hiyo ukipenda W211, tafuta ya baada ya mabadiliko hayo. Kama umeshanunua ya awali, mwambie fundi asiguse pedi za breki kabla ya kuuzima mfumo kwa kompyuta, kwa sababu pampu inaweza kujikandamiza yenyewe na kumbana vidole. Fundi asiyelijua hilo asilifungue tairi la gari lako.

Utajuaje gari ni la zama zipi? Usitegemee umbo wala maneno ya dalali, soma namba ya chesi. Kwa magari yaliyouzwa Ulaya, Japani na Afrika namba kwa kawaida huanza na WDB kwa ya zamani au WDD kwa yaliyofuata, halafu tarakimu tatu zinazofuata ndizo aina ya bodi. WDD204 ni W204, WDD212 ni W212. Tarakimu ya kumi ikiwa 1 usukani ulitoka kiwandani kushoto, ikiwa 2 ulitoka kulia. Hiyo ya kumi ina maana kwetu. Japani zilinunuliwa Benzi nyingi za usukani wa kushoto kwa ajili ya maringo tu, na ukikuta 1 kwenye gari lenye usukani wa kulia, ujue kuna mtu aliyelipasua dashibodi akauhamisha. Kwenye magari ya miaka ya 2000 namba hiyo imegongwa sakafuni, chini ya kipande cha zulia kwenye kiti cha mbele, kwa kawaida upande wa kulia. Inua zulia, ilinganishe na ya kadi ya gari na ya kibandiko cha mlangoni. Zikitofautiana hata herufi moja, hakuna cha kujadili.

Nyingi utakazozikuta zikiuzwa ni W204 na W212, hasa zilizotoka Japani. Huu ni uzao ulioirudishia kampuni heshima yake, ila una mambo yake. Injini ndogo za petroli za M271, zilizomo kwenye C180 na C200 nyingi, zina mnyororo wa taimingi unaolegea. Nenda asubuhi, na umwambie muuzaji mapema kwamba hutaki gari liwashwe kabla hujafika. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, kunywa chai urudi baadaye. Likiwashwa likiwa baridi, sikiliza sekunde chache za kwanza. Ukisikia mlio wa mnyororo unaokwaruza kisha ukatulia, mnyororo na gia zake vimelika, na ukiruka jino, vali zinagonga pistoni. Bei ya matengenezo hayo itoe kwenye bei ya gari au ondoka.

Sikiliza pia unapochomeka funguo. Kuna mota ndogo inayofungua kufuli la usukani, nayo hutoa mlio mfupi. Kwenye W204 na W212 mota hiyo hufa bila kubisha hodi, na siku hiyo gari haliwaki, usukani haugeuki, na hakuna wa kusukuma wala kuvuta. Giaboksi nayo usidanganywe kwamba oili yake ni ya maisha. Uliza ilibadilishwa lini. Zile za kasi tano hazina hata kijiti cha kupimia: kuna bomba lenye kifuniko, kijiti anacho fundi, na kipimo kinasomwa oili ikiwa imepata moto. Mwisho, ingia chini ya gari. Fremu ya nyuma, ile inayobeba mikono ya tairi za nyuma, imelalamikiwa kwa kutu. Igonge kwa bisibisi. Ikilia butu au ikimeguka, achana nalo.

Magari yenye mifuko ya hewa kwenye springi, hasa S-Class na E-Class za bei, yalazwe usiku mahali tambarare. Likiamka limekaa upande mmoja kuna linalovuja, na kompresa yake haiko mbali kufa.

Kuna jambo ambalo wengi hawalifuatilii na linaweza kuua. Benzi nyingi za miaka ya 2000 na mwanzo wa 2010, W204 zikiwemo, zilifungwa mifuko ya hewa ya usalama ya Takata, ambayo kifyatuzi chake huharibika kwa joto na unyevu na kinaweza kupasuka kikirusha vipande vya chuma. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya pwani yetu. Gari lililotoka Japani likiwa bado halijarekebishwa linakuja na hatari hiyo. Peleka namba ya chesi kwa wakala wa kampuni nchini mwako, aangalie kama kazi ilifanyika. Ni swali la dakika chache.

Kwa gari la Japani, dai karatasi ya mnada na cheti cha kufutiwa usajili. Karatasi ya mnada ina alama ya hali ya gari, na herufi R maana yake lilishapata ajali likatengenezwa. Cheti mara nyingi kinaonyesha kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi, na hapo ndipo kilomita zilizorudishwa nyuma hujulikana. Mnunuzi wa Kenya akumbuke pia kwamba sheria hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, wala la usukani wa kushoto.

Ukishalileta nyumbani, chagua fundi kabla ya kuchagua rimu. Awe na kompyuta inayosoma mifumo yote ya Mercedes, si ile ndogo inayosoma taa ya injini tu. Oili anayokuwekea igeuze chupa, usome nyuma. Kwa injini nyingi za petroli tafuta namba 229.5, na kwa dizeli yenye kichujio cha moshi 229.51. Anayekwambia oili ni oili amekwambia yote unayohitaji kujua kuhusu gereji yake. Na usimalize akiba yote kwenye kununua, maana mwaka wa kwanza gari hudai yale yote aliyoyaahirisha mmiliki aliyetangulia.

Kwa maoni yangu, mwenye kipato cha kawaida anayetaka kuonja Benzi achukue W204 ya baada ya maboresho ya 2011, yenye karatasi zake, hata ikiwa rangi haimpendezi. Anayetaka S-Class ya mwaka 2006 kwa sababu bei imeshuka hadi kufanana na ya Toyota Premio aelewe kwamba iliyoshuka ni bei ya gari tu. Vipuri vyake bado vinauzwa kwa bei ya S-Class.